Bibi Povu Alivyoziosha Beringi za Mkwe

Kabla hamjaanza kucheka, jueni kwamba Bibi Povu hakujipa jina hilo mwenyewe, na wala halihusiani na povu mnalotoa nyie mitandaoni mkiguswa kidogo. Povu lake lilikuwa la kweli, jeupe, na lilikuwa linatembea.

Alikuwa binti bado, wiki yake ya kwanza kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kakabidhiwa mashine kubwa kama chumba cha kupanga, halafu msimamizi akamwambia atie sabuni ya kutosha. Sasa mtu aliyekulia kwenye beseni na kipande cha sabuni, "ya kutosha" kwa dubwana kama lile ni kiasi gani? Akaitazama mashine, akaitazama ndoo ya sabuni ya unga, akaona haki itendeke. Akamimina yote.

Povu likatoka mlangoni, likafuata korido, likakata kona kama linajua njia, likafika mapokezi. Hapo mganga mkuu alikuwa na wageni wake, suti nyeusi, anawaeleza habari za usafi. Akarudi nyuma hatua moja ili awaonyeshe sakafu inavyong'aa. Walipompata alikuwa amekaa chini, povu limemfika kifuani, anaonekana kichwa na tai.

Basi. Tangu siku hiyo akaitwa Povu. Akaolewa, Mama Povu. Mumewe akatangulia mbele ya haki, mjukuu akazaliwa, akapanda cheo, Bibi Povu. Siku ya kumuaga kazini mkurugenzi alisoma jina lake kamili kwenye cheti, na wafanyakazi wenzake wakaanza kuulizana huyo ni nani na mbona hawajawahi kumwona.

Baada ya kustaafu, binti yake, Mama Kidoti, akamchukua wakae pamoja: chumba cha nyuma, dirisha linatazama uani, kitanda chake mwenyewe. Ila mikono ilikataa kustaafu. Bibi Povu akiona uchafu vidole vinamwasha. Kafua mazulia, kafua mapazia, kafua kamba ya kuanikia nguo yenyewe. Mjukuu wake Kidoti, mwenye meno mengi kuliko maneno, akimwona bibi anakuja na dodoki anaingia chini ya meza.

Shida ilikuwa mkwe.

Mkwe wake ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Kinyozi. Mtu wa heshima, hana ubaya na mtu, lakini mkimya hadi unajistukia. Vinyozi wengine wanaongea mpaka mteja anajuta kuwa na nywele. Huyu anakunyoa kimya kama anayesoma mita ya umeme. Sasa Bibi Povu, hata mwezi haujaisha tangu ahamie, akaiona mashine ya kunyolea ya mkwe imelala mezani, imejaa nywele za watu wasiojulikana. Akaiosha. Kwa maji. Nzima nzima.

Jioni Kinyozi akaiwasha, ikakohoa mara moja, ikakata roho. Bibi Povu akasimama pembeni anasubiri kugombezwa. Mkwe akaifuta kwa kitambaa, akaifunga kwenye mfuko, akasema, "Hamna neno, mama." Akaenda kulala.

Hilo "hamna neno" lilimkaa Bibi Povu kooni kama mwiba wa samaki. Mtu wako anakugombeza, yanaisha, mnakula. Mgeni ndiye anayeambiwa hamna neno. Kuanzia hapo akawa anapita kwenye nyumba ile kwa ncha za vidole. Mlango ukijibamiza, anaruka. Mkwe akikohoa, anajiuliza kagusa nini tena. Akajiapia: kitu cha yule kijana sikigusi, hata kiwe kinatembea na mende.

Sasa njooni kwenye gari.

Gari la Kinyozi ni la siku nyingi, mwili wa bluu, mlango mmoja mweupe, na kioo cha nyuma kinashuka kikijisikia. Likaanza kulia nyuma. Mwanzo sauti ya nyuki kwenye chupa, halafu ikakua, mkikimbia kidogo tu mnaongea ndani ya gari kama mko pande mbili za mto. Beringi za magurudumu ya nyuma zimekwisha. Na beringi, kwa nyie mnaolijua gari kwa kupigia picha tu, ni zile pete za chuma zinazoshika gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Zinaishi kwa grisi. Zikilika, gurudumu linaanza kucheza. Zikikaukiwa zikapata moto, gurudumu linaweza kujibana au kuchomoka njiani, na likichomoka halikuagi.

Fundi wa mtaani anaitwa Fundi Kesho. Naamini hapo hakuna swali.

Kinyozi alimfuata, akaambiwa kesho, mpaka akachoka. Na Jumapili ilikuwa lazima wasafiri. Baba yake mzazi alikuwa ametoka kupasuliwa, yuko mji wa ng'ambo ya milima, na njia ya huko inapanda taratibu halafu inadondoka: mteremko mrefu, kona juu ya kona, malori yanaushuka kwa kunyata. Wangeenda wote watatu, Kinyozi, mkewe na Kidoti.

"Nitabadilisha mwenyewe," Kinyozi akasema mezani. "Hapa hapa nyumbani."

"Wewe?" Mama Kidoti akaweka kijiko chini. "Wewe unabadilisha vichwa vya watu."

"Nimeangalia video."

"Uliangalia na ya kuoka mkate. Ule mkate si ndio tumeegemezea mlango?"

Kinyozi akaendelea kula.

Jumamosi akalipiga jeki uani, akaliwekea vyuma vya kukingia, akaingia kazini. Bibi Povu akawa dirishani anatazama, mikono nyuma, mbali na vitu vya watu. Na kusema kweli kijana alikuwa na mkono. Gurudumu la kulia likatoka, likatoka na lile bakuli zito la chuma linaloitwa ngoma, ambalo breki zinabana kwa ndani. Akazigonga beringi za zamani zikadondoka kwenye ndoo. Halafu akachota donge la grisi, akaliweka kiganjani, akawa anaikandamiza beringi mpya humo, taratibu, mpaka grisi ikatokeza upande wa pili kama dawa ya meno. Bibi Povu akajikuta anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu msafi kazini utamjua tu.

Upande wa kulia ukaisha. Grisi ilikuwa ya kuazima, mkebe wa Fundi Kesho, ambaye alisisitiza arudishiwe leo leo, na haijulikani neno "leo" alijifunzia wapi. Basi Kinyozi akafungua na gurudumu la kushoto, akazipaka kabisa beringi mbili za upande huo, ya ndani na ya nje, akazilaza kwenye sinia karibu na dirisha la jikoni, akazifunika kitambaa, akarudisha mkebe. Hapo hapo simu ikaita: kibandani wateja wamejaa, bwana harusi na wapambe wake wote. Akamwambia mkewe atarudi kumalizia. Bibi Povu hakuyasikia hayo. Alikuwa bafuni, anapambana na mjukuu.

Alipoingia jikoni akalikuta sinia. Sinia lake. Lile analolia chakula. Akafunua kitambaa.

Vitu viwili vya mviringo, vimejaa tope la kahawia lenye kunata.

Akajua mara moja: ni zile mbovu alizozitoa, kazihamisha kutoka kwenye ndoo. Mpya si zimeshaingia, gurudumu si limerudi? Akajikumbusha kiapo. Sigusi. Lakini sinia ni langu, nitaosha sinia tu. Ili nioshe sinia sharti nivitoe. Nikivitoa nitaviweka wapi, mezani? Meza ichafuke? Basi nivifute kidogo kwa chini. Kwa chini vikafutika, kwa juu vikaonekana vibaya zaidi. Nyie mnajua inavyokwenda. Muda si mrefu kulikuwa na beseni la maji ya moto, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, na bibi mzima anaimba.

Zilitoka zinang'aa kama hereni. Akaizungusha moja kwa kidole, ikateleza, ikatoa kamlio kembamba kazuri. Akazilaza juani kwenye taulo safi, kando ya vijiko.

Halafu akabeba maji machafu kwenda kumwaga.

Pale karibu na gari kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo, beringi: nyeusi, zimetafunwa, zimechimbika. Kando ya ndoo, maboksi mapya yaliyo wazi, na juu ya kila boksi picha. Akaitazama ile picha. Akageuza shingo, akatazama kwenye taulo, kando ya vijiko. Akalitazama gari: upande wa kushoto bado uko uchi, unasubiri.

Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Akajifunga kanga ya pili, akatoka mbio hadi kwa Fundi Kesho. Geti limefungwa. Mkewe akachungulia.

"Shikamoo. Ametoka, ameitwa kwenye lori."

"Anarudi saa ngapi?"

"Amesema kesho."

Bibi Povu akarudi nyumbani, miguu mizito. Angeweza kusema. Jambo lenyewe dogo, maneno hayazidi sita: mwanangu, nimeziosha, leta grisi nyingine. Lakini kila alipoyapanga kichwani alisikia jibu lake kabla hata hajamaliza. Hamna neno, mama. Mara ya pili hiyo. Ya tatu watamfungia virago kwa heshima zote.

Akatazama kabati la mtoto. Mafuta ya mgando ya Kidoti, kopo kubwa, yenye harufu ya maua. Yananata. Yanateleza. Yamekosa rangi tu. Na kwenye sanduku la viatu kulikuwa na polishi ya kahawia.

Naomba hapa msimhukumu haraka. Mtu mwenye hofu anakuwa na akili nyingi sana, tatizo zote zinaelekea upande mmoja. Akachanganya kwa kijiko mpaka rangi ikafanana. Akaweka donge kiganjani. Akakandamiza, taratibu, kama alivyomwona mkwe, hadi likatokeza upande wa pili. Akazirudisha kwenye sinia, akafunika kitambaa kwa mkunjo ule ule. Akaosha kijiko mara mbili.

Kinyozi alirudi jua limeanza kulegea. Akachuchumaa, akaishika ya ndani, akaitia mahali pake, akasita. Akaisogeza puani.

"Mbona inanukia?"

"Nini?" Mama Kidoti alikuwa amekaa kizingitini na mtoto.

"Grisi. Inanukia kama Kidoti akitoka kuoga."

"Siku hizi kila kitu wanatia manukato. Hata dawa ya mende inanukia ndimu."

Bibi Povu alikuwa kwenye kamba ya nguo, kibanio mdomoni. Hapo ndipo pa kusema. Akatoa kibanio.

"Baba."

"Naam, mama."

Mkwe akamgeukia, mikono juu kama daktari aliye katikati ya kazi, anasubiri.

"Pole na kazi."

"Ahsante, mama."

Akaendelea. Beringi ya ndani, mpira wa kuziba, ngoma, beringi ya nje, nati. Akaikaza nati huku anazungusha ngoma, akailegeza kidogo, akatia pini isije ikafunguka, akagonga kofia yake juu. Kila alipogonga, Bibi Povu alikunja uso kama anagongwa yeye. Gari likashushwa, likazungushwa mtaa mzima, likarudi. Kimya. Hakuna nyuki, hakuna chupa.

Mama Kidoti akampiga picha mumewe na spana, akaitupia kwenye kikundi cha familia: "Nauza fundi wangu, bei maelewano." Simu ya Bibi Povu ikaanza kulia mfululizo. Shangazi kapongeza. Mjomba kauliza kama anabadilisha na magoti. Binamu katuma vidole gumba vinavyojaza skrini. Bibi akaigeuza simu kifudifudi, ikaendelea kutetemeka juu ya meza kama yeye.

Kilichomtisha zaidi ni ule ukimya wa gari. Enzi zake kazini kuna mwenzake aliwahi kuitia mashine ya kufulia mafuta ya kupikia, kwenye beringi, kwa kuwa mafuta ya mashine yalikuwa yameisha. Ikaenda vizuri, kimya, wakamsifu. Ilipopata moto ikapiga mlio mmoja, na ngoma yake, lile pipa linalozungusha nguo, ikaenda kusimama kwenye ukuta wa pili. Na ule ulikuwa ukuta. Huku ni mteremko, na ndani ya gari kuna mtoto wake, na mtoto wa mtoto wake.

Usiku tuuruke, maana alichofanya ni kujigeuza kitandani tu.

Asubuhi akaamka na mikakati.

"Tumbo linaniuma sana," akamwambia binti yake. "Itabidi muahirishe."

"Jamani, pole mama. Basi tukupitishe zahanati, iko njiani."

"Limeanza kupoa."

Mkakati wa pili ulikuwa funguo. Akazitia ndani ya mkebe wa unga. Kinyozi akatafuta kidogo, akafungua droo, akatoa funguo za akiba. Mkakati wa tatu ulikuwa kiatu kimoja cha Kidoti, na Kidoti akapakiwa pekupeku anacheka.

Ikabaki kusema. Bibi Povu akausogelea mlango wa dereva, gari linanguruma. Mkwe akashusha kioo. Na yule mkimya, asiyecheka, alikuwa anatabasamu. Kucha zake bado zilikuwa nyeusi za kazi ya jana. Alikuwa ameziacha hivyo makusudi, zinaonekana vizuri juu ya usukani.

"Mama, sikiliza. Halina hata mlio."

Akasikiliza. Akaenda mlango wa nyuma, akaufungua, akaingia, akakaa kushoto, juu ya lile gurudumu.

Mama Kidoti akageuka. "Mama, unaenda wapi na kandambili?"

"Kumjulia hali mzazi mwenzangu."

"Na tumbo?"

"Limeniruhusu."

Hesabu yake ilikuwa hii: kama litatokea la kutokea, yeye atalisikia wa kwanza, na hawatamwacha nyuma kuliwa na mawazo kitandani. Na atasema. Atasema wakifika kituo cha mafuta. Kituo kikapita. Atasema darajani. Daraja likapita, refu kabisa, angeweza hata kuimba. Atasema kwenye ule uwanja wa mbao. Mbao zikapita na harufu yake, na hapo ndipo alipogundua kuna harufu nyingine.

Maua.

Alimshika Kidoti mkono, akaubana mpaka mtoto akamwangalia. Harufu ilikuwa inapanda kutoka chini, tamu, ya joto. Kadiri barabara ilivyopanda ndivyo ilivyozidi.

"Nani kampaka mtoto mafuta mengi hivi?" Mama Kidoti akasema. "Gari zima linanukia."

"Fungua dirisha," Kinyozi akasema.

"Hilo dirisha lako linafunguka likitaka."

Mbele kukawa na lori. Kinyozi akakanyaga breki, na gari likajivuta upande mmoja kama linalotaka kunong'ona jambo na magari yanayokuja. Akalirudisha. Akakanyaga tena, kidogo. Likajivuta tena.

"Breki zinakula kulia tu," akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Zimekuwaje tena?"

Bibi Povu aliona kibao mbele: pembetatu, na ndani yake lori limeinama. Baada ya kibao barabara haikuonekana tena. Ilikuwa imekwisha, imebaki mbingu na vichwa vya milima ya ng'ambo.

"Simamisha gari."

"Mama unataka kujisaidia? Tushuke kwanza, chini kuna..."

"Simamisha gari, wewe mtoto."

Hakuwahi kumwita hivyo. Kinyozi akakata kona kuingia kwenye uwanja wa changarawe, pale madereva wa malori wanapogonga matairi yao kabla ya kushuka. Gari likasimama. Na Bibi Povu, macho kwenye kiti cha mbele, akayatoa yote kwa pumzi moja: sinia, mswaki, ndoo, boksi lenye picha, geti la fundi, mafuta ya Kidoti, polishi.

Kinyozi akashuka, akazunguka, akachuchumaa kwenye gurudumu. Akagusa kofia ya katikati, akarudisha kidole haraka akakitia mdomoni, halafu akakitema. Mstari wa mafuta ya kahawia ulikuwa umechuruzika kutoka kwenye ngoma hadi kwenye ukingo wa tairi. Yale mafuta yalikuwa yameyeyuka, yamezipenya breki za upande ule, zimelowa. Pakanukia wodi ya watoto wachanga.

Bibi Povu naye akashuka. Akasimama na kandambili zake kwenye changarawe, akasubiri yale maneno mawili.

Kinyozi akanyanyuka.

"Mama, wewe una nini?"

Lori lililokuwa jirani, dereva wake akaacha kugonga matairi.

"Nakuuliza, una nini? Ulikaa hapo nyuma na mtoto, juu ya gurudumu hilo hilo, unajua, unatazama dirishani? Tumepita mafuta, tumepita daraja, unatazama dirishani? Kidogo tu tungekuwa pale." Akanyoosha kidole kwenye zile mbingu. "Na mashine yangu. Unajua ile mashine nilianzia nayo kazi? Ile mashine nilikuwa naipenda kuliko..." Akamtazama mkewe, akaliacha hilo. "Maji, mama. Kitu cha umeme, maji?"

Mama Kidoti alikuwa ameshika mdomo. Katika ndoa yao yote hajawahi kumsikia akisema sentensi nyingi hivyo zikiwa zimefuatana.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sitaki samahani. Nataka kujua kwa nini hukusema jana."

"Ungeniambia hamna neno."

"Sasa?"

"Sasa mtu akishaniambia hamna neno, mimi nitasema nini tena? Nakaa na wewe nyumba moja sijui kama umekasirika au umelala. Bora ungenifokea siku ile. Ningelia, ningekasirika na mimi, tungekula."

Kinyozi akapangusa uso kwa mkono wenye mafuta ya Kidoti, ukang'aa wote.

"Ndiyo nimefoka sasa," akasema.

"Nimesikia."

"Na bado sijamaliza."

"Endelea tu, baba. Nimekaa." Na kweli akakaa, kwenye jiwe.

Fundi Kesho akapigiwa simu. Kwa rekodi za mtaa, alifika siku hiyo hiyo, na pikipiki, na mkebe wa grisi, na chupa ya petroli. Watu wazima wamekataa kuamini mpaka leo. Akachuchumaa, akanusa, akatazama pembeni mabega yanaruka.

"Nimeona mafuta ya kupikia," akasema alipopata pumzi. "Nimeona sabuni. Kuna jamaa alitia ndizi. Hii ya maua ni ya kwanza."

"Zimekufa?" Kinyozi akauliza.

Fundi akazifuta, akazigeuza juani. "Hazijabadilika rangi. Zimepata joto tu, mngeshuka nazo ndio zingeungua. Beringi tutazisafisha, tutatia grisi, zitakufikisha nyumbani. Ila breki za upande huu zimekunywa mafuta. Mteremko huo leo msahau."

Wakasahau. Wakarudi kwa mwendo wa kusindikiza maiti, Fundi mbele na pikipiki, Kinyozi nyuma yake anafoka kwa awamu. Akikumbuka jambo, anafoka. Funguo ziko wapi? Kwenye unga? Anafoka tena. Bibi Povu anajibu. Ilipofika darajani Mama Kidoti akawaomba wote wawili wanyamaze, mtoto amelala.

Baba yake Kinyozi alipopigiwa kuelezwa kwa nini hawaji, alicheka mpaka akawaomba wakate simu, nyuzi za kidonda zinamvuta.

Breki mpya zikawekwa katikati ya wiki, na Jumapili iliyofuata wakaenda. Bibi Povu akakaa kushoto tena, akiwa na viatu. Gari kimya, harufu hakuna. Walipokaribia kile kibao akaanza kuchezesha miguu.

"Simamisha kidogo nikaliguse."

"Mama, nimeliweka mimi na Fundi, tumelikagua wote."

"Simamisha."

"Kazi kweli kweli," Kinyozi akafoka, akaingia kwenye changarawe. Bibi akashuka, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akakiacha hapo. Vuguvugu tu. Akabaki ameinama pale kwa muda, mpaka mkwe akapiga honi.

"Lingine la kulia hujaligusa," akamwambia kupitia dirishani. "Au hilo huna ugomvi nalo?"

Akaenda akaligusa na hilo.

Haya, zamu yenu. Najua kila ukoo una mtu mmoja aliyesafisha, aliyerekebisha au aliyesaidia kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Mama mkwe, baba mdogo, dada wa shangazi, yeyote. Kaosha nini, kafungua nini, na mlikijua kikiwa wapi, uani au barabarani? Tupieni hapo chini tusome. Kama mhusika naye yumo humu kwenye simu, mbadilishieni hata kazi anayofanya, maana Bibi Povu ameshaniuliza mara mbili naandika nini.